Mambo ya Mwili: Pumzi Chini ya Theluji

Jambo tutakalolieleza mwezi huu wengi wetu hatutalipata kamwe, walakini laonyesha wazi kuliko mengine jinsi kazi ya pumzi ilivyo. Baadhi yenu huiona theluji kwa mbali juu ya Kilimanjaro, nayo siku hizi ni kidogo kuliko ile waliyoiona babu zetu. Lakini katika milima ya Alps, iliyo katika nchi za Italia, Uswisi, Ufaransa na Austria, theluji ya majira ya baridi huanguka siku nyingi mfululizo na kurundikana juu ya miteremko, hata tabaka lake likakatika na kushuka kwa kishindo, likafunika njia, miti, nyumba na watu.

Tarehe 19 Machi 1755 poromoko la namna hiyo lilifunika kijiji cha Bergemoletto, katika nchi ya Piemonte, ambayo leo ni sehemu ya Italia. Giuseppe Roccia alikuwa juu ya paa pamoja na mwanawe wakiondoa theluji, nao wakaokoka. Lakini mkewe Maria Anna, binti yake, wifi yake, na mtoto mdogo wa kiume walikuwa ndani ya zizi, na theluji ikawafunikia humo. Hapana aliyewaza kuwa wangali hai. Wakakaa gizani pamoja na wanyama, wakinywa maziwa ya mbuzi na maji ya theluji iliyoyeyuka. Mtoto akafa. Hata tarehe 25 Aprili, siku ya 37, watu waliokuwa wakichimba ili kutafuta maiti waliwakuta wale wanawake watatu wako hai. Ignazio Somis, tabibu wa mji wa Turin, akaandika kitabu kizima juu ya habari yao.

Chakula chao twakifahamu, maana maziwa ni chakula bora. Ila hewa waliipata wapi muda wa siku 37? Na ikiwa wao waliipata, mbona mtu mwenye nguvu, aliyefunikwa na theluji kimo cha mita moja tu, huweza kufa kabla ya nusu saa?

Watu wengi hujibu kuwa theluji haina hewa. Sivyo. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1000. Lita moja ya theluji iliyoporomoka na kushindiliwa mara nyingi haina zaidi ya gramu 400 au 500. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya rundo lile ni hewa, iliyokaa katika vitundu vidogo kati ya chembe na chembe. Aliyezikwa humo amezungukwa na hewa pande zote.

Basi, tuitazame pumzi yenyewe. Katika hewa tuivutayo, sehemu 21 katika 100 ni oksijeni, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Tunapoitoa pumzi, oksijeni imepungua ikawa sehemu 16 hivi, na mahali pake imeingia hewa nyingine iitwayo kaboni dioksidi, kama sehemu 4. Hiyo ndiyo taka ya mwili, kama moshi ulivyo taka ya moto. Aliye uwanjani haoni neno, kwa kuwa upepo huichukua. Aliyezikwa hana upepo. Pumzi aliyoitoa hukaa mbele ya pua yake, naye huivuta tena, mara ya pili, ya tatu, ya kumi.

Mwili haukubali jambo hilo kimya. Katika shina la ubongo mna walinzi waipimao damu, nao huhisi kuongezeka kwa kaboni dioksidi upesi kuliko wanavyohisi kupungua kwa oksijeni. Mara huamuru kifua kivute pumzi kwa haraka na kwa nguvu, na moyo upige mbio. Kwa mtu aliye mahali pa wazi amri hiyo ni wokovu. Chini ya theluji ni hasara, maana kifua kinachohangaika chatumia oksijeni zaidi na kutoa taka zaidi. Na mara nyingi theluji imekibana hata hakiwezi kupanuka. Hofu nayo huongeza. Baadaye kaboni dioksidi ikizidi sana humlevya mtu. Usingizi humshika, naye hupotewa na fahamu. Hapo mwili hutumia oksijeni kidogo kuliko kwanza, lakini asipofukuliwa upesi, moyo huenda polepole, kisha husimama.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililotushangaza kuliko yote. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani: mmoja apumue juu ya kioo baridi, na kioo kitaingia ukungu mara moja. Pumzi yetu ina joto na maji. Chini ya theluji, joto hilo huyeyusha chembe zilizo karibu na mdomo, na maji yake huganda tena yakawa barafu ngumu, isiyo na vitundu, mfano wa bakuli lililofunikizwa usoni. Hivyo mtu hujijengea ukuta kwa pumzi yake mwenyewe, na ile hewa nyingi iliyo nyuma ya ukuta haimfikii.

Ndiyo sababu wenyeji wa milimani hufundishana kwamba mtu achukuliwaye na poromoko afumbe mdomo theluji isiingie kooni, na kabla halijasimama aweke mikono mbele ya uso apate nafasi. Likiisha kusimama amechelewa, kwani theluji hushikamana ikawa ngumu kama saruji, hata kidole hakijongei. (Wako wasemao kwamba aliyezikwa ateme mate ajue juu ni wapi. Na akijua, atafanyaje?)

Lakini mtu mwenye hesabu atapinga. Nafasi ya viganja viwili ni kama lita moja, na oksijeni iliyomo haifiki robo ya lita. Mtu aliyetulia hutumia kadiri ya robo ya lita kwa dakika. Je, amepata dakika moja tu? Ingekuwa hivyo kama kuta za ile nafasi zingekuwa za kioo. Kwa kuwa ni za theluji, kaboni dioksidi hupenya polepole kwenda nje, na oksijeni hupenya kuja ndani. Kadiri nafasi ilivyo kubwa, ndivyo kuta zilivyo pana, na barafu huchelewa kuziziba. Zizi la Bergemoletto, twadhani, lilikuwa nafasi ya namna hiyo iliyo kubwa sana.

Jambo hili limejaribiwa kwa watu. Katika mwaka wa 2000 matabibu wa Marekani walitangaza habari za watu waliokubali kuzikwa thelujini huku wakiangaliwa. Waliopewa mrija wa kuvuta hewa mbele ya kifua na kuitoa nyuma ya mgongo walikaa kwa wastani dakika 58. Wasio na mrija, na bila nafasi mbele ya uso, walikaa dakika 10 tu. Theluji ilikuwa ile ile. Tofauti ni mahali pumzi ilipotolewa.

Nako Uswisi wamekusanya habari za waliozikwa tangu mwaka 1981 hata 2020. Waliofukuliwa kabla ya dakika 10, tisa katika kumi walikuwa hai. Walipofika dakika 30, watatu hivi katika kumi. Kwa hiyo anayeokoa ni yule mwenzake aliyekuwa naye njiani, si kikosi kitakachokuja kutoka mjini. Kila aendaye huko hubeba kitoa ishara cha redio, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na beleshi. Mbwa nao husaidia sana, kwa kuwa theluji ipitishayo hewa hupitisha na harufu ya mtu hata juu.

Wachimbaji hufunua kwanza uso na kifua, wala hawangoji mwili mzima utoke. Nao hutazama mambo mawili: je, pua na mdomo vimejaa theluji? Na je, palikuwa na nafasi mbele ya uso? Aliyezikwa muda mrefu lakini njia ya pumzi iko wazi, matabibu hawamkatii tamaa ajapokuwa baridi na hana mapigo ya moyo, kwa sababu ubongo uliopoa huhitaji oksijeni kidogo sana. Humpasha joto kwanza, ndipo waseme kama amekufa.

Mwezi ujao tutaandika juu ya wapiga mbizi, na jinsi walivyo katika hatari ya kinyume: kaboni dioksidi yao huwa kidogo mno hata hawahisi haja ya kuvuta pumzi.