Mstaafu na Kiwanja cha Pwani
Walimu wengi wa bara, wakaribiapo umri wa kustaafu wa miaka 60, huota kiwanja Kilifi au Malindi: joto la kutuliza viungo, samaki na upepo wa bahari. Si ndoto mbaya, ingawa visima vya maji ya chumvi hawaviwazii. Lakini kabla ya kiinua mgongo kutolewa, yafaa historia isomwe. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila hati katika ardhi ya mababu zao, na hadi leo wangali wanaitwa maskwota. Daftari la msajili wa ardhi humtaja mwenye hati. Halimtaji mzee aliyeipanda minazi ile. Mstaafu na amwendee mzee huyo kabla ya kumwendea wakili.