Pátzcuaro inauza ziwa isiloliandika vitabuni

Noti ya peso 50 iliyotumika Mexico katika miaka ya 1990 ilikuwa na picha ya wavuvi ndani ya mitumbwi, wameinua nyavu zenye umbo la mabawa ya kipepeo. Ni wavuvi wa kisiwa cha Janitzio, Ziwa Pátzcuaro, jimbo la Michoacán. Mwaka 2006 noti mpya ilikuja na picha nyingine. Nyavu bado zinainuliwa, lakini zaidi kwa ajili ya kamera za wageni, ambao hutoa chochote boti zao zinapopita. Samaki mweupe aliyelipatia ziwa hilo sifa amekuwa adimu.

Mji wa Pátzcuaro wenyewe unastahili nauli. Uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo koti ni lazima. Nyumba ni za enzi ya Wahispania: kuta nyeupe zilizopakwa nyekundu chini, mapaa ya vigae, na uwanja mkubwa wenye jina la askofu Vasco de Quiroga. Yeye, wasemavyo wenyeji, ndiye aliyehimiza kila kijiji kishike ufundi wake. Santa Clara del Cobre wanafua shaba, Tzintzuntzan wanafinyanga vyungu, Paracho wanatengeneza magitaa. Hakuna anayemharibia jirani soko. Makao ya dayosisi yalihamia mji ambao leo ni Morelia mwaka 1580, lakini biashara hiyo haikufa.

Leo fedha inaletwa na watalii, hasa usiku wa kuwakumbuka marehemu, Novemba 1 kuamkia 2. Hoteli, mwenye boti, muuza vyungu, wote wanaishi kwa sura ya ziwa.

Na ziwa linapungua. Marekani ilianza kufungulia soko lake parachichi za Michoacán mwaka 1997, na tangu hapo mashamba yamepanda milimani yakila msitu. Ukame wa 2024 uliacha sehemu za ziwa zikiwa tope lililopasuka. Hata hivyo maboza yalikutwa yakivuta maji kupeleka mashambani, mpaka polisi wa jimbo wakatumwa kuyazuia.

Simlaumu mkulima. Parachichi linalipa, watu wa Njombe na Murang'a wanajua. Ninacholaumu ni hesabu. Mwenye lori hutenga fedha za uchakavu kila mwaka, la sivyo siku lori likifa naye amekwisha. Pátzcuaro mali inayomlisha kila mtu haimo katika kitabu cha yeyote, na anayeichota anailipia sifuri. Faida inayotangazwa kila Novemba, kwa maoni yangu, sehemu yake ni mtaji unaoliwa.

Polisi barabarani ni dawa ya msimu mmoja. Kinachohitajika ni mita kwenye kila pampu, bei ya maji, na tozo ndogo kwa kila kitanda cha hoteli na tiketi ya boti, iende kwenye ziwa moja kwa moja. Hoteli zitalalamika. Lakini mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kununua hisa za nyumba ya wageni kando ya ziwa, popote pale, aulize kwanza nani anavuta maji na kwa bei gani, kabla hajauliza idadi ya vyumba. Mfua shaba wa Santa Clara anaweza kupeleka sufuria zake Morelia. Mwenye boti wa Janitzio hana pa kuipeleka.