Fainali Ifike Mwisho wa Reli

Mpenzi wa kandanda aishiye Kigoma ni mtu aliyezoea kusubiri. Husubiri treni, ambayo kutoka Dar es Salaam hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika husafiri kilomita zipatazo 1,250. Husubiri meli. Husubiri mbalamwezi ipite ili wavuvi warudi ziwani na bei ya dagaa ishuke. Na katika mambo ya mpira, kwa miaka mingi, alisubiri habari. Klabu yake ina makao Jangwani au Msimbazi, yeye yuko mwisho wa reli, na kati yake na klabu hiyo palikuwapo redio tu.

Kwa sababu hiyo, Jumapili ya Julai 25, 2021 haistahili kusahauliwa upesi. Siku hiyo, siku chache baada ya sikukuu ya Idi el-Haji, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na waliokutana hawakuwa wengine bali Simba na Yanga. Simba ilishinda kwa bao moja bila jibu. Hayo yamo katika kumbukumbu na hayana ubishi. Ambalo halimo katika kumbukumbu ni jambo lililompata mpenzi wa kawaida aliyekuwa uwanjani, na hilo ndilo linalofaa kutafakariwa na wale wanaopanga wapi na lini fainali zichezwe.

Achukuliwe kwa mfano mwalimu wa shule ya msingi mkaazi wa Mwanga, pale penye soko, kati ya bandari na Ujiji. Mwalimu huyo ni mpenzi wa Yanga. Watu wa namna yake mkoani humo ni wengi, na yaliyompata yeye yaliwapata mamia. Mapenzi hayo hakuyachagua ukubwani. Aliyarithi kwa baba yake pamoja na kiti cha uvivu na redio ya betri. Kisa cha kwanza cha mpira alichopata kusimuliwa kilikuwa kile cha Agosti 10, 1974, Simba ilipotangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimesalia dakika chache, na Sunday Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Alikikariri kisa hicho kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha. Wala yafaa isisahauliwe kwamba mchezo huo, ambao wazee wa Yanga huusimulia hadi leo kama kwamba ulichezwa juzi, haukuchezwa Dar es Salaam. Ulichezwa Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana.

Je, mwalimu huyo angeweza kwenda Dar es Salaam kuitazama klabu yake? Wasemao kwamba mwenye mapenzi ya kweli hashindwi na safari hawajapiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na siku zipatazo nne za njiani. Hayo yote kwa mshahara wa mwalimu mwenye watoto wanaosoma. Pia darasa haliwezi kuachwa. Na hata yule aliyejibana akasafiri hakuwa na hakika ya kuuona mchezo. Mnamo Mei 8 ya mwaka huo huo wa 2021, Simba na Yanga zilipaswa kukutana katika Ligi Kuu mjini Dar es Salaam. Saa ya kuanza ilibadilishwa siku ile ile, kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, klabu hazikuafikiana, na mchezo haukuchezwa. Mkaazi wa Kariakoo alirudi nyumbani kwa daladala. Aliyetoka mkoani alirudi kwa siku mbili.

Lipo na jambo jingine ambalo watumishi wa serikali wanalijua vema, ingawa halisemwi sana mikutanoni. Katika maofisi ya nchi hii ilikwisha jengeka zamani fikra kwamba kupangiwa kituo Kigoma ni kusahauliwa. Walikuwapo vijana waliopokea barua za kupangiwa kazi huko wakaanza kutafuta udhuru kabla hawajafungasha mizigo. Fikra hiyo ni potofu. Kigoma ina watu, ina ardhi yenye rutuba, ina ziwa lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika, na migebuka yake haina mfano. Lakini fikra potofu hazifi kwa kukemewa tu. Hufifia pale mambo makubwa ya Taifa yanapofanyika huko, machoni pa watu wa huko, na magazeti yote yakalazimika kuandika jina la mahali hapo katika ukurasa wa kwanza.

Siku ya fainali mwalimu alikwenda uwanjani kwa miguu. Huenda neno hilo likaonekana dogo kwa msomaji wa mjini, lakini ndilo kiini cha mambo yote. Mtu aliyeipenda klabu kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa umbali wa siku mbili, siku hiyo alikunywa chai nyumbani kwake, akafunga mlango wake, akatembea mpaka ilipo klabu hiyo. Barabara itokayo Ujiji ilikuwa nyekundu na kijani. Walikuwapo watu wa Kasulu na Kibondo, wa Uvinza na Buhigwe, na wageni waliotoka mbali zaidi, wakiuliza njia kwa wenyeji, jambo ambalo kwa kawaida huenda kinyume: mwenyeji wa Kigoma ndiye huuliza njia akifika Dar es Salaam.

Ndani ya uwanja alijifunza jambo ambalo redio haikupata kumfundisha. Redioni mpira huwa kwa mtu mmoja tu, yule anayetajwa jina. Wengine ishirini na mmoja hawapo. Uwanjani wote wapo. Mlinzi wa pembeni hukimbia hatua hamsini, asipewe mpira, akarudi hatua hamsini, na hakuna mtangazaji amtajaye. Mwalimu, ambaye kazi yake mwenyewe ni ya kukimbia bila kutajwa, alimtazama mlinzi huyo kuliko alivyowatazama wafungaji. Tena aliona kwamba wachezaji ni watu wa kimo cha kawaida, ambao huchoka, huogopa, na hufunga kamba za viatu vyao kama watu wengine.

Karibu na mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa nje kwa kadi nyekundu. Tonombe alitoka Kongo, nchi ambayo milima yake huonekana kutoka Kigoma anga linapokuwa safi, na wapenzi wa Yanga mjini humo walikuwa wakimhesabu kama jirani. Tangu hapo Yanga ilicheza ikiwa na watu kumi. Kipindi cha pili kilikuwa kirefu. Mpenzi ambaye timu yake imepungukiwa na mtu huacha kuutazama mchezo, huanza kuitazama saa. Kila mpira uliopigwa nje ulikuwa faraja, kila kona ilikuwa hukumu. Zikiwa zimesalia dakika zipatazo kumi ikapigwa kona, Taddeo Lwanga, kiungo wa Simba kutoka Uganda, akaruka na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Nusu ya uwanja ililipuka. Nusu nyingine ilisikia mlipuko huo.

Ikumbukwe kwamba Yanga ilikuwa imeishinda Simba Julai 3, kwa bao la Zawadi Mauya, na kwamba mpenzi wa Yanga, aliyekuwa ameshuhudia Simba ikitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara nne mfululizo, alikuwa ameweka matumaini yake yote katika kombe hilo moja. Hivyo mwalimu wa Mwanga aliisubiri klabu yake miaka arobaini, nayo ikaja kufungwa mbele ya macho yake. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani kama kawaida, na watoto wenye mapenzi ya Simba wakamwamkia kwa heshima iliyozidi kiasi. Aliielewa heshima hiyo. Akawapa hesabu ngumu.

Wapo watakaouliza: alipata faida gani? Mtu aulizaye hivyo anafikiri kwamba mpenzi huenda uwanjani kuchukua ushindi kama achukuavyo mshahara dirishani. Yanga ilikwisha kufungwa mara nyingi redioni, na kila mara kushindwa huko kulikuwa ni kwa watu wengine, mahali pengine. Kushindwa kwa Julai 25 kulikuwa ni kwake. Aliona jinsi kona ile ilivyopigwa, na hakuna mtu wa Dar es Salaam awezaye kumsimulia vinginevyo. Mchezo wa mwaka 1974 alisimuliwa na baba yake. Huu atausimulia yeye, na mtoto wake atakaposimulia naye atasema kwamba ulichezwa kwao.

Hoja ya wanaotaka fainali zote zichezwe Dar es Salaam si ya kudharauliwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa una nafasi ya watu wapatao elfu sitini, usalama wake ni rahisi kusimamia, na mapato ya mlangoni huwa makubwa. Yote hayo ni kweli. Lakini kama mapato ndiyo yangekuwa kipimo pekee, zipo shule ambazo zisingejengwa na meli ambazo zisingeng'oa nanga. Tena mapato ya fainali hayahesabiwi mlangoni peke yake: mwenye nyumba ya wageni wa Kigoma, mama lishe, mwenye pikipiki na muuza dagaa wa Mwanga nao wana hesabu yao ya siku zile.

Kwa haki, Shirikisho la mpira lilikwisha onyesha njia njema. Fainali ya kombe hilo ilichezwa Dodoma mwaka 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, na Tanga 2023. Lindi na Sumbawanga! Ni mambo mangapi ya Taifa yaliyopata kufika Sumbawanga kabla ya kufika Morogoro? Ndipo mwaka 2024 ikatangazwa kwamba fainali ingechezwa Babati, katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, kisha ikahamishiwa Unguja, katika Uwanja wa New Amaan. Mwaka 2025 ikachezwa huko huko. Wapenzi wa Visiwani wana haki sawa na wa Bara, na hakuna mwenye akili atakayewaonea wivu. Lakini zamu ni zamu. Yawezekana sababu za kiufundi zilikuwapo. Hata hivyo, mwalimu wa Babati aliyekwisha kutenga fedha ya tiketi hakukosa mapenzi wala fedha. Alikosa fainali iliyokuwa imekwisha ahidiwa.

Hapa lazima lisemwe neno ambalo halipendezi. Sababu za kiufundi mara nyingi maana yake ni hali ya kiwanja: nyasi, vyoo, uzio, mahali pa kukaa. Viwanja vingi vya mikoani, kama vile Kirumba mjini Mwanza, Sokoine mjini Mbeya na Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, ni mali ya Chama. Basi Chama hakina budi kuwa cha kwanza kujikosoa. Haifai kudai fainali ziende mikoani huku kiwanja cha mkoa kikikumbukwa tu siku ya mkutano wa hadhara.

Wengine husema kwamba Kigoma haina tena haja ya fainali, kwa kuwa timu ya Mashujaa iliingia Ligi Kuu mwaka 2023, na Simba na Yanga zimefika Lake Tanganyika kucheza nayo. Hoja hiyo ina utamu wake. Mashujaa ndiyo iliyoitoa Simba katika kombe hilo hilo kwa mabao 3-2, tena Dar es Salaam, mnamo Desemba 2018, na mwenyeji wa Kigoma aliyeshangilia Simba siku hiyo ana maswali ya kujijibu mwenyewe usiku. Mkoa huo umetoa wachezaji wengi. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, alilinda lango la Simba, la Yanga na la Timu ya Taifa. Mkoa uliotoa watoto wake kwa klabu kubwa haufidiwi kwa kutembelewa siku moja ya ligi, ambayo hupita na msimamo ukabadilika juma lifuatalo. Fainali ni siku ambayo nchi nzima hutazama upande mmoja.

Yapo mambo ambayo wahusika wanaweza kuyatekeleza bila gharama kubwa. Mahali pa fainali patangazwe msimu unapoanza, si robo fainali zinapokwisha, ili mkoa upate miezi ya kutengeneza kiwanja chake na mpenzi apate miezi ya kuweka akiba. Mahali hapo pakitangazwa, pasibadilishwe ila kwa sababu itakayoelezwa hadharani, kwa maandishi. Sehemu ya tiketi zitengwe ziuzwe kwanza katika mkoa wenyewe, kabla mlanguzi hajazikusanya. Na mchezo uwe Jumapili, kama ulivyokuwa Kigoma, ili mwalimu wa Kasulu aweze kwenda na kurudi bila ya kumwandikia mwalimu mkuu barua ya ruhusa yenye ugonjwa ambao haupo.