Kilwa kwa Miguu: Tuwatembeze Watoto, Tuwasimulie Yote

Likizo za shule zinapokaribia, wasomaji wa ukurasa huu wa familia hutuuliza swali lile lile: ni wapi mzazi awapeleke wanawe wakanyooshe miguu, wajifunze jambo la maana, na wala asilazimike kuwafumba macho njia nzima? Mwaka huu jibu letu ni moja, nalo ni Kilwa. Hatusemi Kilwa ya kupitwa kwa gari. Tunasema Kilwa ya kutembewa, babu akiwa mbele na mkongojo wake na mtoto wa darasa la kwanza akifuata nyuma, kwa kuwa njia zake si ndefu na sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare.

Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban kilomita 300 kwa barabara ya Lindi hadi Nangurukuru, ambako barabara nyingine huelekea pwani. Kilwa Kivinje iko karibu na njia panda hiyo. Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, iko mbele zaidi. Msafiri wa masafa hayo ameruhusiwa kupunguza Swala na kuzikusanya, maadamu hakunuia kukaa huko siku nne kamili. Akiswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, atapata mchana mpana wa kutembea. Wenyeji wa Masoko, bila shaka, wao wataswali kama walivyozoea.

Matembezi ya kwanza ni ya Kilwa Kisiwani. Kibali cha kuingia hupatikana Masoko, pamoja na mwongozaji, nasi tunahimiza achukuliwe mwongozaji hata na mwenye kujiona anajua. Kuvuka ni safari fupi ya mashua. Mashua isiyo na jaketi okozi za kutosha watoto wasipande, hata nahodha akiwa ni jamaa yetu. Ondokeni mapema asubuhi, maana jua la saa sita huko halina huruma, na chukueni maji ya kunywa ya kutosha. Viatu viwe vya kufunga. Jiwe la matumbawe hukata kama wembe.

Mtashukia karibu na Gereza, ngome inayoonekana tangu mtu angali baharini. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, baada ya Francisco d'Almeida kuuvamia mji na kuupora, na mwaka 1512 wakaondoka. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la miaka ya kukaribia 1800. Tusikae hapo sana. Mbele, kwa mwendo wa dakika chache, ndipo roho ya mji ilipokuwa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ni mmoja wa misikiti mikubwa kabisa ya kale katika pwani yote ya Waswahili. Sehemu yake ya kaskazini ni kongwe zaidi, ya karne ya 11 na ya 12, na hapo zamani paa lake lilibebwa na nguzo za mbao. Sehemu ya kusini, yenye nguzo za mawe, kuba na matao, iliongezwa katika karne ya 14, ikaporomoka kwa kiasi, ikajengwa upya katika karne iliyofuata. Wapeni watoto kazi: wahesabu nguzo, watafute mihrabu, watafute kisima na mahali pa kutawadhia. Mtoto atakapoona kwamba watu wa zaidi ya miaka 600 iliyopita walitawadha kama alivyotawadha yeye asubuhi ile, hatahitaji hotuba yetu. Karibu na hapo pana msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, ambao umesalimika kuliko majengo mengi ya kisiwani.

Hapa tuna neno kwa wazazi. Tumewahi kuwaona vijana wetu, wenye kanzu safi kabisa, wamepanda juu ya kuta za msikiti ule ili wapigwe picha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani hii tangu zama hizo, msikiti ukibomoka haurudi kuwa mali ya mtu, wala hauuzwi. Unabaki kuwa wakfu. Paa limekwenda, heshima haikwenda nalo. Basi tuingie kwa adabu, sauti zishushwe, na asiachwe mtoto kugeuza kuta zile kuwa ngazi. Anayetaka kuswali ndani ya magofu amuulize kwanza mwongozaji, kwa kuwa ni eneo linalohifadhiwa kisheria. Kijijini wako ndugu zetu Waislamu wanaoswali jamaa, nasi tunaona kujiunga nao ni bora kuliko kuswali peke yetu tukizungukwa na kamera. Makaburi nayo ni mengi, hasa penye msikiti wa Malindi. Tuwatolee salamu waliolala humo, tuwaombee, wala tusikae juu yao.

UNESCO iliingiza magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikayaweka miongoni mwa yaliyo hatarini, kwa jinsi mawimbi na mvua vilivyokuwa vikiyala. Yalitolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka mingi ya kukarabati kuta. Kazi ya miaka kumi inaweza kuharibiwa na kisigino cha mtoto mmoja.

Wenye pumzi waendelee upande wa mashariki, kwa njia ya miguu inayopita katika mashamba na minazi, hadi Husuni Kubwa. Ni matembezi ya starehe kwa familia, na penye kivuli pumzikeni. Jumba hilo lilijengwa juu ya genge linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, na katika vifusi vyake lilipatikana jiwe lenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wataalamu wanaona kwamba halikumalizika kujengwa na kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu, ilhali msikiti uliswaliwa kwa karne nyingi.

Sultani huyo ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri yule alimsifu kwa unyenyekevu na ukarimu, akaeleza kwamba watu walimwita Abul-Mawahib, mwenye vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Kisa chake mashuhuri wengi wetu tumekisikia darsani: fakiri kutoka Yemen alimkuta Sultani akitoka katika Swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akabadilisha mavazi, akampa zote. Kisa hicho tumezoea kukikatiza hapo. Ibn Battuta hakukikatiza. Anasema mwana wa Sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa hao ishirini walikuwa watu. Tunaliandika hili tukijua kwamba katika kamati zetu wapo wazee, nao tunawaheshimu, wanaosema mambo ya utumwa yasisemwe mbele ya watoto, kwa kuwa wako wanaoyatumia kuutukana Uislamu. Hofu yao tunaielewa. Lakini mtoto tuliyemficha atasimuliwa na mwingine, tena kwa namna ambayo sisi hatutakuwepo kuirekebisha. Na siku hiyo hatalitilia shaka jambo hili moja tu, atazitilia shaka na habari nyingine zote tulizompa. Dini iliyoweka kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa na njia ya kumkaribia Allah haihitaji kulindwa kwa kuficha walichokifanya wafanyabiashara.

Kwa sababu hiyo matembezi ya pili yawe ya Kilwa Kivinje, na yasiachwe. Ni mji wa kutembewa kwa saa mbili, polepole: nyumba za mawe za karne ya 19 zilizochoka, milango ya kuchongwa, boma la Wajerumani, na ufukwe wenye mikoko na madau. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia hapa, na katika miaka ya 1860 watumwa wengi walioingizwa Zanzibar walipitia Kilwa. Biashara yenyewe ni ya kale kuliko Kivinje. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Mnunuzi alikuwa Mkristo, muuzaji Mwislamu, na aliyeuzwa hakuulizwa kitu. Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Katika mji huo huo pana kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mwembe ambao Wajerumani waliutumia kuwanyongea waliowapinga. Hasan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na miaka kumi baadaye, Vita vya Maji Maji vilipozuka katika nchi ya nyuma ya pwani hii, wengine walifuata. Makunganya ni mfano mzuri wa ugumu wa kusimulia. Alisimama dhidi ya mkoloni, akatoa roho yake. Naye alikuwa mtu wa misafara iliyobeba pembe na watu. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuyabeba yote mawili kichwani mwake. Mdogo zaidi ya hapo tumwambie yale anayoyauliza, tumjibu kwa ukweli, na tusimwongezee.

Songo Mnara, yenye misikiti, jumba na nyumba za karne ya 14 hadi ya 16, ni ya familia zenye watoto wakubwa. Safari ya mashua ni ndefu zaidi, na maji yakiwa yamekupwa mtu hulazimika kushuka na kutembea katika tope la mikoko. Muulizeni nahodha habari ya kujaa na kupwa siku moja kabla, na mumuulize saa ya kurudi kabla ya saa ya kwenda.

Watakaoteremka mpaka Lindi wasitafute magofu ya ukubwa huo. Wapite mitaa ya zamani wakati wa alasiri, kisha wavuke ghuba kwenda Kitunda. Huko watoto watacheza mchangani mpaka Magharibi ikaribie, na wazazi wakae chini ya minazi, wasubiri maswali yaliyobaki ya Kivinje.