Kengele Si Hukumu: Fundisho la Tangi la Mafuta kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika kurasa hizi limezungumzwa mara nyingi suala la kusahihisha madaftari. Wengi wameandika juu ya wingi wa madaftari, uhaba wa muda na uchovu wa mwalimu. Sisi tunapenda leo kuligusa suala hilo kwa upande mwingine, tukianzia mahali ambapo walimu wanafunzi hawakuzoea kupaangalia, yaani kwenye tangi la mafuta. Tunaamini kwamba fundi anayetafuta hitilafu katika mtambo wa kupimia mafuta anafanya kazi iliyo ndugu wa karibu wa kazi ya mwalimu, na kwamba mara nyingi yeye huifanya kwa uangalifu zaidi kuliko sisi.

Tuanze na kisa kilichotupata wenyewe katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kagerankanda, katikati ya Kasulu na Kibondo. Umeme wa gridi haukuwa umefika huko. Mahindi na muhogo vilisagwa kwa mashine ya dizeli, na dizeli ilihifadhiwa katika pipa la lita 200 lililolazwa juu ya kitanda cha miti, tundu lake la ubavuni likiwa juu. Sisi walimu tuliombwa na kamati ya mashine tuwatengenezee kipimo. Tukachukua ufito mnyoofu, tukapima kimo cha pipa lilivyolala, tukaugawa ufito huo katika sehemu 20 zilizo sawasawa, na kila sehemu tukaiandikia lita 10. Tuliona fahari. Hesabu ilikuwa safi na alama zilikuwa nzuri.

Pipa lilipojazwa, yalitolewa madumu mawili ya lita 20. Daftari likaonyesha kuwa zimebaki lita 160. Tulipotumbukiza ufito, mafuta yaliishia chini kidogo ya alama ya 150. Lita 11 hivi hazikuonekana. Pipa halikuvuja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu, yaani mzee mlinzi. Kikao kiliitishwa, naye hakuwa na la kujibu zaidi ya kusema kwamba hakuchukua. Akaachishwa kazi. Sisi tulikuwamo katika kikao kile, na ni ufito wetu uliotoa ushahidi.

Mlinzi mwingine akawekwa. Baada ya kutolewa madumu matano kwa jumla, daftari lilisema zimebaki lita 100, na ufito nao ukasema 100 kamili. Tukasema dawa imeingia, mwizi ameondoka na upungufu umekwisha. Hakuna aliyejiuliza zile lita 11 zimerudije. Tuliendelea hivyo hadi daftari lilipoonyesha lita 40, na hapo ufito ukasoma zaidi ya 50. Ama mlinzi mpya alikuwa akitia mafuta usiku kwa fedha yake, ama kipimo chetu kilikuwa kikisema uongo tangu siku ya kwanza.

Kipimo ndicho kilichosema uongo. Pipa likisimama wima, kila sentimita ya kimo hubeba kiasi kile kile cha mafuta. Likilazwa, tumbo lake huwa pana katikati na jembamba chini na juu. Robo ya kimo haibebi robo ya ujazo, bali inabeba chini kidogo ya asilimia 20. Robo tatu ya kimo hubeba zaidi kidogo ya asilimia 80. Ni katika nusu tu ndipo ufito wetu ulipoweza kusema kweli. Mzee yule alifukuzwa na umbo la pipa. Tulimwendea kumtaka radhi, lakini neno la mwizi lilikuwa limekwisha kutembea kijijini, na neno kama hilo halirudi nyumbani kwa haraka.

Mtambo na dalili zake

Siku hizi vituo vingi vya mafuta vya mijini havitegemei ufito wa kutumbukiza peke yake. Ndani ya tangi lililofukiwa ardhini husimamishwa ufito wa chuma wenye maboya mawili. Boya moja huelea juu ya mafuta. La pili ni zito kidogo, hivyo huzama katika mafuta na kuelea juu ya maji yaliyojikusanya chini ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na dizeli. Kila boya lina sumaku. Mtambo hupeleka mshituko wa umeme katika ufito, nao mshituko ukikutana na nguvu ya sumaku huzaa mtikisiko unaorudi juu. Muda wa kurudi kwake ndio unaoeleza boya liko mahali gani. Vipo pia vipima joto, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto: lita 10,000 za petroli zikipanda nyuzi 5 za Selsiasi huongezeka kwa karibu lita 50 bila mtu yeyote kuongeza hata tone. Habari zote hizi hufika ofisini katika kisanduku chenye kioo cha kusomea na kengele.

Kengele inapolia, kioo huandika kwamba maji yamezidi, au mafuta yamepungua, au ufito haujibu. Mtu asiye na mafunzo hukimbilia kusema tangi limetoboka au wahudumu wameiba. Fundi aliyefundwa huenda kwa utaratibu mwingine. Kwanza hutazama kama umeme unafika na kama kisanduku hakikuzimwa karibuni. Pili hufuata waya hadi juu ya tangi, kwa kuwa maji ya mvua huingia katika viungo vya waya na kuviharibu. Tatu hukagua kama boya limekwama kwa uchafu. Nne husoma vipimo vya tangi vilivyoandikwa ndani ya mtambo, kwani kama kipenyo kiliandikwa kwa makosa, mtambo mzima utakuwa salama na hesabu zake zote zitakuwa za uongo. Tano huchukua ufito wa kawaida, akapaka ncha yake dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akapima kwa mkono na kulinganisha. Kila mara hubadili jambo moja tu, kisha hupima tena, kwa sababu akibadili mambo mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya. Baada ya hayo yote ndipo hulishuku tangi, na mwisho kabisa ndipo humshuku mtu.

Sisi kule kwenye pipa tulianza na mtu.

Darasani

Yafaa basi mwalimu mwanafunzi ajiulize: ninapoandika mkasi mwekundu katika daftari la mtoto, nimefanya nini? Tunasema kwamba nimepiga kengele tu. Nimeeleza kuwa jibu halikulingana na lililotarajiwa. Kwa nini halikulingana, sijasema bado, na pengine sijui. Lakini wengi wetu tukishaandika mkasi huo huhesabu kwamba kazi imekwisha, na sababu huipachika papo hapo: mtoto huyu ni mvivu, yule hasikilizi, huyu hana akili ya hesabu. Wengine huongeza na fimbo juu yake.

Tuchukue mfano. Mtoto wa darasa la tatu ameandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Mwalimu mwenye haraka humwambia arudie, naye hurudia na kupata 35 ile ile. Mwalimu mwenye utaratibu wa fundi humpa hesabu nyingine mbili: 74 kutoa 31, na 63 kutoa 28. Ya kwanza mtoto anapata 43, na ni sahihi. Ya pili anapata 45. Sasa hitilafu imeonekana ilipo. Mtoto anajua kutoa, ila katika kila safu anatoa tarakimu ndogo katika kubwa, iwe juu au iwe chini. Huyu hakosei ovyo. Anafuata kanuni yake kwa uaminifu, kama ufito wetu ulivyofuata alama zake kwa uaminifu. Kumchapa hakutabadili alama hata moja. Kinachotakiwa ni vijiti vilivyofungwa kumikumi, mtoto afungue fungu moja kwa mikono yake na aone kumi zikigeuka mamoja.

Mara nyingine hitilafu iko katika waya. Watoto wengi wa Kasulu na Kibondo huja shuleni wakiwa na Kiha kinywani, na Kiswahili cha kitabuni hukikuta darasani. Mtoto anayekosa hesabu ya mafumbo apewe hesabu ile ile kwa tarakimu tupu. Akiipata, basi hesabu anaijua. Ni maneno ndiyo yaliyokwama njiani. Asomewe swali kwa sauti na alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Na mara nyingine, ni lazima tukiri, hitilafu iko katika mtambo wenyewe: swali liliandikwa vibaya ubaoni, au mwalimu alifundisha kinyume. Darasa zima likikosa swali moja, mwalimu aanze kujikagua yeye.

Somo lenyewe

Hatupendi maneno haya yabaki kuwa mawaidha. Tunapendekeza kwamba utafutaji wa hitilafu ufundishwe kama somo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vifaa vya kijijini. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 ilitaka shule isome maisha yanayoizunguka, na mashine ya kusaga ni sehemu ya maisha hayo.

Mwalimu atafute chupa kubwa ya plastiki, nyeupe na ya duara. Ailaze, aizuie kwa udongo isibingirike, na atoboe tundu juu ya ubavu wake. Wanafunzi wamimine maji kwa kikombe kimoja kile kile, na kila baada ya kikombe watumbukize kijiti na kukitia alama maji yalipofika. Kabla ya kuanza waulizwe: je, alama zitakuwa na nafasi zilizo sawa? Wengi watasema ndiyo. Waachwe waone wenyewe kwamba alama za chini na za juu zimeachana, na za katikati zimesongamana. Kisha wapewe kijiti cha pili chenye alama zilizo sawa, wahesabu maji kwa vijiti vyote viwili, na waamue ni kipi cha kuaminiwa na kwa nini.

Siku ya pili mwalimu amimine maji na mawese katika chupa nyembamba. Asubuhi za baridi za nyanda zetu mawese huganda, hivyo yapashwe moto kidogo kwanza. Wanafunzi wataona mawese yakikaa juu na maji chini, na hapo wataelewa kwa nini mtambo unahitaji maboya mawili. Siku ya tatu mwalimu aharibu jambo moja kwa siri. Akate ncha ya kijiti, au abadili kikombe, au atoboe chupa tundu dogo. Makundi yatafute kosa kwa zamu, yakiandika kila hatua: tulishuku nini, tulipima nini, tuliona nini. Alama zitolewe kwa utaratibu wa kutafuta hata kwa kundi ambalo halikupata jibu.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu: maji yatumike, mafuta ya injini yasitumike kamwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na hushika moto kutoka mbali. Taifa letu halijasahau Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mwalimu asiwapeleke watoto kuchungulia tangi wala pipa.

Pingamizi

Tunajua tutaambiwa kwamba darasa la watoto zaidi ya 70 haliruhusu uchunguzi wa kila mmoja. Ni kweli. Lakini makosa ya watoto 70 hayawi ya aina 70. Mwalimu akiyapanga madaftari kwa aina ya kosa badala ya wingi wa alama, kwa kawaida atapata mafungu machache, na kila fungu litafundishwa pamoja. Muda anaoupoteza kurudia somo zima kwa watoto wasiojua wamekwama wapi ni mrefu kuliko huo.

Tutaambiwa pia kwamba baadhi ya watoto ni wavivu kweli, kama ambavyo baadhi ya walinzi huiba kweli. Hilo nalo hatulikatai. Fundi naye mwisho wa orodha yake huweza kumfikia mtu. Tunachodai ni kwamba afikiwe mwisho, baada ya kipimo kukaguliwa, na si mwanzo kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na hana wa kumtetea.

Ndugu walimu wanafunzi, karibuni mtapelekwa katika shule zenu za mazoezi, na mtakabidhiwa madaftari na kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza fanyeni jambo dogo: kila siku chagueni kosa moja, msiliandikie neno lolote, mwiteni mtoto mmwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Kisha nyamazeni, msikilize hadi mwisho. Mtashangaa jinsi mtoto anavyoweza kuwaelekeza mahali hasa waya ulipokatika. Sisi tulijifunza hayo kwa gharama ya mzee mmoja aliyekuwa akilala kando ya pipa kulinda mafuta ya watu wengine, na ambaye hatukumwuliza swali lolote zaidi ya "umeyapeleka wapi?"