Deni Usilolijua Usililipe Kabla ya Kuuliza



Liko jambo ambalo linaletwa mara kwa mara katika afisi za chama, nasi tumeona yafaa tuliseme waziwazi. Mfanyakazi anakwenda kuomba mkopo wa karo au wa kumalizia nyumba, au anaambiwa alete cheti cha CRB kabla ya kuandikwa kazi. Jibu linarudi kwamba jina lake limeandikwa kuwa la mtu asiyelipa madeni. Akitazama deni lenyewe, halijui. Hakumbuki kukopa fedha hizo, na pengine hata anayemdai hamjui. Basi kwa haraka na kwa aibu anatafuta fedha, analipa, na kunyamaza.

Sisi twasema hivi: usilipe deni usilolijua mpaka umeonyeshwa hati yake. Tena twasema kwamba jambo hili si aibu ya mtu mmoja ya kufichwa nyumbani. Ni jambo la chama, kama vile mshahara na saa za kazi.

Kwanza tufahamu CRB ni nini. Katika Kenya ziko afisi tatu zenye leseni ya Benki Kuu, nazo ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kanuni za kwanza za kazi hii zilitolewa mwaka 2008, na zinazotumika sasa ni za mwaka 2020. Afisi hizi hazimkopeshi mtu wala hazimshtaki mtu. Kazi yao ni kuandika yale yanayoletwa na mabenki, Sacco na wakopeshaji wengine. Kwa hivyo, mkopeshaji akileta ukweli, kitabu kitasema kweli. Akileta kosa, kitabu kitasema kosa, na kila atakayekifungua atalisoma kosa hilo kama kweli.

Wazee wetu walijua jambo la namna hii. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwafrika alivaa shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ndani, na tajiri aliandika humo habari za kazi yake na kutia sahihi alipoondoka. Tajiri asipotia sahihi, mtu hakupata kazi pengine. Watu walikipinga kipande kwa miaka mingi mpaka kikaondolewa mwaka 1947. Hatusemi kwamba CRB ni kipande. Kipande kilikuwa cha kumfunga mtu kwa sababu ya rangi yake, na mwenye kukivaa hakuwa na haki ya kusahihisha neno. Leo haki hiyo tunayo. Lakini haki isiyotumiwa haina tofauti na haki isiyokuwako, na ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Wala hatumtetei mtu aliyekopa akakataa kulipa. Fedha za Sacco ni jasho letu wenyewe, na anayekula mkopo wa Sacco anakula akiba ya mwenzake. Aliyekopa na alipe. Hapa twanena juu ya deni ambalo mtu halijui.

Madeni hayo yatoka wapi? Tumeyaona ya namna nne.

La kwanza ni kubwa kuliko yote kwetu sisi wafanyakazi. Mwajiri anakata fedha za mkopo katika mshahara, lakini hazipeleki benki au Sacco. Tuseme mtu anakatwa shilingi 6,500 kila mwezi. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, naye analala akijua analipa. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbaya. Miezi mitatu ikipita, shilingi 19,500 zimetoka mfukoni mwake, na bado jina lake limepelekwa CRB ati hakulipa. Mwajiri aliyezikalia fedha hizo, jina lake halimo katika kitabu chochote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yamtaka mwajiri azipeleke kwa wakati fedha alizokata, na asipofanya hivyo ni kosa la kushtakiwa.

La pili ni udhamini. Mtu alitia sahihi kumdhamini mwenzake miaka mingi iliyopita akasahau. Mwenzake ameacha kazi na kuhama, na deni limemfuata mdhamini. Hili ni deni la kweli, ingawa lilisahauliwa. Hata hivyo mdhamini ana haki ya kuonyeshwa sahihi yake na hesabu yote, ajue mwenye mkopo alilipa kiasi gani na akiba yake ilikwenda wapi.

La tatu ni wizi wa jina. Kitambulisho kilipotea, au kopi yake iliachwa mahali, na mtu mwingine akasajili laini ya simu na kukopa kwa jina hilo. Mikopo ya simu hutolewa kwa dakika chache, bila mkopeshaji kumwona mkopaji uso kwa uso. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aikatae mara moja.

La nne ni makosa ya makarani na mambo ya zamani: akaunti iliyoachwa benki ikaendelea kutozwa ada mpaka ikawa deni, au mkopo uliomalizwa kulipwa lakini benki haikupeleka habari kwamba umekwisha.

Sasa mtu afanye nini?

Aanze kwa kuomba ripoti yake. Kanuni zampa kila mteja haki ya kupata ripoti bila malipo mara moja kwa mwaka. Aiombe kwa afisi zote tatu, kwa maana neno lisiloandikwa katika kitabu kimoja laweza kuwa katika kingine. Asome ni nani aliyeleta deni, ni la tarehe gani, la akaunti gani, na la kiasi gani.

Kisha aandike barua kwa CRB, na kopi kwa mkopeshaji, akisema kwamba deni hilo analipinga na kwa sababu gani. Aombe aonyeshwe mkataba wenye sahihi yake, au laini na akaunti iliyopokea fedha. Kanuni zaitaka CRB itie alama kwamba habari hiyo inapingwa, imwulize aliyeileta, na kusahihisha au kufuta ikionekana si kweli. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 35, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli inayomdhuru. Maneno ya simu hayatoshi. Andika barua, pigiwa muhuri kwenye kopi yako, uiweke.

Atazame pia kama alipewa taarifa. Mkopeshaji hutakiwa kumjulisha mteja mwezi mmoja kabla ya kulipeleka jina lake. Na tangu kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB. Ikiwa ni wizi wa jina, aende polisi apewe nambari ya OB, na nambari hiyo aiandike katika barua yake. Wakimpuuza, aipeleke habari kwa Benki Kuu, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Wako watakaosema: deni lenyewe ni shilingi 2,000, kwa nini nizunguke na barua? Si afadhali nilipe nipate mkopo wangu? Twawaelewa, maana karo haingoji. Lakini waangalie wanachonunua. Deni likilipwa, habari zake haziondoki. Huandikwa kwamba mtu huyu alishindwa kulipa kwa wakati, kisha akalipa, na habari hiyo huweza kukaa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Kwa hivyo anayelipa deni lisilo lake amenunua doa la miaka 5 kwa fedha zake mwenyewe, na amemwachia mwizi au mwajiri njia wazi ya kurudi. Kulipa hakufuti kosa. Kinachofuta kosa ni kusahihisha. Wala asimpe fedha mtu yeyote wa mtaani anayejisifu kwamba atalitoa jina CRB. Kazi hiyo mwenyewe anaweza kuifanya kwa barua moja.

Upande wa chama, yako mambo matatu ambayo twaona hatuna budi kuyataka mezani tukikaa na waajiri. Jambo la kwanza, kila mwezi mwajiri amwonyeshe mwakilishi wa wafanyakazi hati za benki na Sacco kwamba fedha zilizokatwa zimefika. Jambo la pili, mwajiri aliyechelewa aandike barua kwa mkopeshaji kukiri kwamba kosa ni lake, na alipe mwenyewe riba na adhabu yote iliyoongezeka. Jambo la tatu, mtu asinyimwe kazi wala kupandishwa cheo kwa sababu ya deni ambalo bado analipinga. Mambo haya yaandikwe katika mkataba wa pamoja, si kuachwa katika ahadi za mdomo.

Kwa wanachama twasema: wekeni karatasi zenu za mshahara, zote, msizitupe. Siku ya kuulizwa, karatasi hizo ndizo shahidi wenu. Na yule ambaye ameona katika ripoti yake deni asilolijua, asijifiche. Aje kwa mwakilishi wa chama kazini, alete ripoti, karatasi za mshahara za miezi hiyo, na kopi ya kitambulisho. Barua itaandikwa pamoja naye. Pengine itaonekana kwamba wenzake kumi wa idara ile ile wana deni la namna ile ile, la miezi ile ile, na hapo hatutakuwa tena na jambo la mtu mmoja.

Mshahara wa mfanyakazi ni haki yake, na jina lake pia ni haki yake. Tulijifunza zamani kuuhesabu mshahara kabla ya kutia sahihi. Sasa na tujifunze kulisoma jina letu kabla wengine hawajalisoma.