Sifa na Fungu la Msanii
Mwaka 2025 jumba la sanaa la Tate Modern, mjini London, lilifungua maonyesho makubwa ya kazi za marehemu Emily Kam Kngwarray, mwenyeji wa asili wa Australia. Twaipokea habari hiyo kwa furaha, ingawa mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1996. Bibi huyu alianza kuchora kwenye turubai akikaribia miaka 80. Mwaka 2007 picha yake moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1 za Australia. Sheria ya kumpa msanii au warithi wake asilimia 5 picha iuzwapo tena ilianza mwaka 2010! Wafanyakazi hawana haja ya kufafanuliwa hesabu ya namna hiyo. Twayataka majumba yanayomsifu leo yatangaze kila picha ilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na jamaa zake walipata nini.